Nukta Moja, Wapagazi Kumi na Wanane

Watu wa kisa hiki ni wa kubuni. Chumba chenye giza, kamera, programu na nukta ni vitu vya kweli, na kosa lililomo linaweza kumpata mpiga picha yeyote kesho.

Palikuwa na kijana mjini Tabora, mwenye studio ya picha pande za Kanyenye. Riziki yake ilitoka kwenye harusi na mahafali. Jirani yake alikuwa bibi mmoja mjane, ambaye nyumbani kwake lilihifadhiwa kasha la mbao lenye barua na madaftari ya babu wa marehemu mumewe, mfanyabiashara wa enzi za misafara. Yote yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kiarabu: hesabu za pembe za ndovu, majora ya merikani na kaniki, ushanga, madeni, na majina ya watu waliokuwa wakisubiriwa kutoka Ujiji. Watoto wa bibi walihamia Maskati, na kwa miaka mingi walikuwa wakiomba wapatiwe walau picha za karatasi zile.

Kijana alikwenda siku ya mvua. Stendi ya kamera aliiacha studio, maana ni nzito na njia ilikuwa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani. Ila nakwambia mapema, karatasi hizi hazivuki kizingiti. Ndivyo nilivyousiwa."

"Hazitatoka, bibi. Nitazipiga papo hapo zilipo."

Madirisha ya chumba yalikuwa madogo na umeme ulikuwa umekatika. Flashi hakuitumia, akihofia kuunguza wino uliokwisha pauka. Akapandisha ISO hadi 12800, akaweka shata sehemu moja ya sitini ya sekunde, akashika kamera mkononi na kupiga karatasi arobaini, moja baada ya nyingine. Alipiga kwa faili ghafi, zile ambazo wapiga picha huziita RAW, na hapo alifanya jambo la busara. Aliporudi na kuzifungua kwenye kompyuta, kila ukurasa ulikuwa umejaa chenga, zile punje zinazotapakaa kwenye picha za gizani.

Wiki hiyohiyo programu yake ya kuondoa chenga ilitoa toleo jipya. Hakukurupuka kulinunua. Alichukua picha za bibi harusi zilizopigwa ukumbini usiku, akazipitisha kwenye toleo la zamani na kwenye jipya, akaziweka ubavu kwa ubavu. La zamani liliifanya shela ionekane kama imepakwa mafuta. La jipya lilionyesha kila uzi wa lesi, kope na shanga. Akalipia. Usiku ule akaziingiza picha zote arobaini za barua kwa mkupuo, na asubuhi akakuta karatasi safi kabisa, mwandiko mweusi juu ya weupe. Akazituma Maskati. Huko walifurahi hadi machozi.

Msimu wa harusi ulipoanza diski ilijaa. Akatafuta cha kufuta, akaona faili ghafi za barua. Kazi imekwisha pokelewa, za nini tena? Akazifuta, na toleo la zamani la programu akaliondoa. Mwaka uliofuata mchwa wakaingia kashani kutoka sakafuni, na bibi alipofunua kifuniko alikuta unga.

Kisha simu ikaja kutoka Maskati. Aliyepiga ni mwana mkubwa wa bibi, mtu aliyefundishwa kusoma hati ile tangu utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nina ukurasa mmoja hapa unanitatiza. Mshirika wa kwanza ameleta pembe frasila 15. Wa pili frasila 25. Jumla imeandikwa 4."

"Pengine mwandishi alikosea, mjomba."

"Mtu aliyekula kwa hesabu hakosei namna hiyo. Nitumie ile picha ya mwanzo, ambayo hujaisafisha."

Hakuwa nayo.

Anayeijua hati ya Kiarabu amekwisha tambua kilichotokea. Katika tarakimu za hati ile sifuri ni nukta. Arobaini ni alama ya nne na nukta pembeni yake. Nukta ile ilikuwa ndogo, wino umepauka, na kuizunguka kulikuwa na maelfu ya nukta za chenga. Programu ikazifagia zote pamoja.

Ukurasa ule ulijitetea wenyewe kwa sababu ulikuwa na jumla. 15 na 25 ni 40, na msomaji makini anaweza kuirudisha sifuri mahali pake. Lakini kurasa nyingine zilitaja deni moja tu, au idadi moja tu ya majora, bila hesabu ya kulinganishia. Je, 3 ile ni 3 au 30? Na 60 ile, nukta yake ni sifuri ya mwandishi, au ni doa la ukungu ambalo programu imelipenda na kulikolezea weusi? Tangu siku ile hakuna tarakimu hata moja katika kurasa arobaini inayoweza kuaminiwa peke yake. Kosa moja lililoonekana limezitia shaka zile zote ambazo hazikuonekana.

Herufi nazo hazikusalimika. Neno bint na neno bayt, yaani nyumba, huandikwa kwa umbo lilelile. Tofauti ni nukta moja juu ya jino la katikati au nukta mbili chini yake. Katika waraka wa mirathi, nukta ikipotea binti anaweza kusomwa kuwa nyumba.

Nataka msomaji apime uzito wa sifuri ile moja. Frasila ilikuwa kama kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili. Pembe za frasila 40 zilihitaji watu ishirini kuzibeba. Za frasila 4 zinahitaji wawili. Kati ya 40 na 4 wamepotea wapagazi kumi na wanane, wanaume waliotoka Unyanyembe, yaani pande za Tabora, na pembe mabegani, wakashika njia ya Kilimatinde na Mpwapwa hadi Bagamoyo, safari ya miezi karibu mitatu kwa miguu. Wanyamwezi ndio walioijenga biashara ile kwa mabega yao, na majina yao ni machache mno katika maandishi. Mara nyingi alama pekee waliyotuachia ni idadi ya mizigo. Nukta ile ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yao.

Sasa tuulize: kijana alikosea wapi? Hakuwa mzembe. Alifanya jaribio, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Ila aliipima programu kwa shela na kuituma kwenye wino. Tena alilinganisha toleo jipya na la zamani, akauliza lipi linapendeza zaidi. Hakulilinganisha lolote kati ya hayo mawili na kile kilichokuwepo kweli mbele ya lenzi. Toleo la zamani, kwa unyonge wake, lingeifanya ile nukta iwe ukungu, na msomaji wa Maskati angeona kwamba hapo pana kitu kisichosomeka. Toleo jipya lilimpa uwazi kamili wa jambo lisilo kweli. Mimi kati ya hayo mawili ningechagua ukungu bila kusita.

Ili tuitendee haki programu, tuangalie chenga zinatoka wapi. Mwanga hufika kwenye sensa kwa chembe moja moja, na chembe hizo haziji kwa utaratibu. Pikseli ikipokea chembe 10,000, idadi hupanda na kushuka kwa takriban 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Ikipokea chembe 100 tu, hupanda na kushuka kwa 10, yaani asilimia 10, na hapo ndipo punje zinapoanza kuonekana. Kwa hiyo chenga nyingi tunazoziona huletwa na uchache wa mwanga. ISO kubwa huukuza uchache huo na kutuonyesha. Rangi nazo zina makisio yake. Kwa utaratibu uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976, kila pikseli huona rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu, na nyingine mbili hukadiriwa kutoka kwa jirani zake. Hata picha ambayo haijaguswa na programu ya chenga ina makadirio ndani yake.

Programu za zamani zilipunguza chenga kwa kuchanganya pikseli zilizokaribiana. Za sasa hutumia akili mnemba. Kampuni ya DxO ilitoa DeepPRIME mwaka 2020, na Aprili 2023 Adobe ikaweka Denoise ndani ya programu yake ya Lightroom. Programu za aina hii hufundishwa kwa picha nyingi mno za jozi, moja yenye chenga na moja safi, mpaka zijue kitu kilichofifia kwa kawaida huwa ni nini. Pale mwanga unapotosha, zinafanya kazi ya ajabu. Pale usipotosha, hufanya kama karani anayejaza pengo la barua kwa neno alilolizoea. Zimezoea nyuso, majani, manyoya, matofali. Sioni kwa nini tutarajie kwamba zimezoea wino uliopauka wa daftari la Unyanyembe.

Haya si mawazo tu. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alipitisha ramani ya jengo kwenye mashine ya Xerox ya kunakili na kuskani. Vyumba vitatu vilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Katika nakala vyote vitatu vilisomeka 14.13. Katika nyaraka nyingine 6 ilikuwa imegeuka 8. Mashine ilipunguza ukubwa wa faili kwa kutafuta vipande vinavyofanana na kutumia kimoja badala ya vingine, na nakala ilitoka safi, herufi zimenyooka, bila dalili ya hitilafu. Xerox ililazimika kutoa marekebisho ya programu. Na Machi 2024, katika Jimbo la Washington nchini Marekani, jaji wa kesi ya mauaji alikataa kupokea video iliyoboreshwa kwa akili mnemba kuwa ushahidi.

Mfano mzito kuliko yote, hata hivyo, uko kwenye njia yetu wenyewe ya misafara.

Mwaka 1871 mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, mashariki ya Kongo ya leo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, wino pia. Akaandika shajara yake juu ya gazeti la zamani la London, The Standard, mwandiko wake ukikatisha mistari ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea. Tarehe 15 Julai aliwaona watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe. Waliokufa walikuwa mamia, na wengi walikuwa wanawake. Aliondoka akarudi Ujiji, ndiko alikokutana na mwandishi wa habari Stanley, na Februari 1872 wote wawili walifika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kuelekea pwani akiwa na daftari kubwa la Livingstone, linaloitwa leo Shajara ya Unyanyembe, ambamo Livingstone alikuwa ameyaandika upya kwa mwandiko safi mengi ya yale yaliyokuwa kwenye vipande vyake vya njiani. Mwaka 1874, baada ya kifo chake, maandishi yake ya miaka ya mwisho yalichapwa London yakiwa yamehaririwa na Horace Waller.

Kwa zaidi ya karne moja dunia ilisoma toleo safi. Shajara ya gazeti ilizidi kupauka hadi sehemu kubwa haikusomeka kwa macho. Kisha kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kikaipiga picha chini ya mianga ya aina nyingi, tangu ile isiyoonekana iliyo zaidi ya urujuani hadi ile iliyo chini ya nyekundu. Kila wino huurudisha mwanga kwa namna yake, kwa hiyo waliweza kutenganisha mwandiko wa Livingstone na chapa ya gazeti. Mwaka 2011 wakaitoa shajara hadharani. Ilipolinganishwa na toleo safi, ilionekana wazi kwamba Livingstone alipokuwa akinakili alibadilisha habari, hasa habari za mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe kule Nyangwe.

Angalia tofauti ya kazi hiyo na ya kijana wetu. Chapa ya gazeti ilikuwa ndiyo chenga ya shajara ile, tena chenga nene kuliko ya kamera yoyote. Wataalamu hawakuiambia mashine ikisie chini yake pana nini. Walirudi kwenye karatasi na mwanga zaidi. Na waliweza kurudi kwa sababu karatasi chafu haikutupwa pale toleo safi lilipopatikana.

Basi toleo jipya likija, lipimwe vipi? Anza na ushahidi. Weka kamera kwenye stendi, elekeza kwenye karatasi ambayo umeiandika wewe mwenyewe: tarakimu za hati ya Kiarabu na hizi zetu za kila siku, herufi zenye nukta, wino mzito na wino uliozimuliwa kwa maji, madoa ya chai hapa na pale. Hesabu nukta zako na uandike idadi pembeni. Piga kwa ISO 100. Kisha, bila kusogeza kitu, piga kwa ISO 12800. Picha ya kwanza ndiyo ukweli wako. Ile ya pili ipitishe kwenye toleo la zamani, kisha kwenye jipya, kwa nguvu ya nusu na kwa nguvu yote, na kila tokeo ulilinganishe na picha ya kwanza kwa ukubwa kamili, pikseli kwa pikseli. Matoleo mawili yasilinganishwe yenyewe kwa yenyewe mpaka hili limekwisha. Hesabu nukta zilizopotea. Halafu hesabu zilizoongezeka, na hizi zikutie hofu zaidi, kwa maana kilichopotea huacha pengo ambalo mtu anaweza kuliona, lakini kilichoongezwa hukaa kimya na kusomwa. Watengenezaji wengi hutoa muda wa kujaribu bila malipo. Tumia muda huo kwa kazi hii kabla ya kuvutiwa na shela ya bibi harusi.

Na pima kwa kila aina ya kazi unayoifanya. Programu iliyofaulu kwenye ngoma ya usiku haijafaulu kwenye hati. Kwa harusi, kwa mpira chini ya taa hafifu, kwa ndege alfajiri, mimi nasema toleo jipya linunuliwe kama kompyuta yako inalimudu. Kompyuta isiyo na kadi nzuri ya grafiki inaweza kukaa dakika kadhaa kwa picha moja, na hilo nalo liingie kwenye hesabu. Kwa barua, hati za viwanja, makaburi yenye maandishi na vyeti, hukumu yangu ni kwamba programu ya kukisia isitumike kabisa kwenye nakala ya kuhifadhi.

Tena haihitajiki. Kati ya ISO 12800 na ISO 100 mwanga unaotakiwa ni mara 128. Kijana alipiga kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Kwa ISO 100 angehitaji sekunde mbili na kidogo. Barua haipepesi macho wala haigeuzi shingo. Sekunde mbili kwa kila ukurasa, kamera ikiwa imetulia kwenye stendi, zingemtosha bila programu yoyote. Na kama kweli chumba ni giza la kutisha, piga ukurasa mmoja mara 16 bila kuusogeza, kisha utafute wastani wa picha hizo kwenye kompyuta: chenga zitapungua hadi robo, na hakuna hata nukta moja itakayobuniwa.

Nafasi ya diski nayo haikuwa sababu ya haki. Faili ghafi ya kamera ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 30. Barua zote arobaini hazifiki gigabaiti moja na nusu. Diski ya terabaiti moja inabeba faili za namna hiyo zaidi ya 30,000.

Tangu mwaka 2006 njia ya misafara imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikitajwa kwa vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Majengo yametajwa. Karatasi zilizomo majumbani hazimo katika orodha yoyote, na mchwa hawangoji. Wewe uliye na kasha kama lile, Tabora, Ujiji, Bagamoyo au Maskati, mwite mpiga picha kabla mvua hazijaanza. Mwambie aje na stendi. Mwambie apige kwa ISO ndogo, akuachie faili ghafi katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na aandike jina na toleo la programu yoyote atakayoitumia kwenye nakala za kutazama. Akikuambia ghafi hazina kazi tena na anataka kuzifuta, mkatalie.